Nilivyoapa Kwamba Ua la Mgomba Lilichinjwa

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo. Nikiwa na umri wa kama miaka tisa, mchana kweupe, mbele ya baba yangu, mgeni wake na jirani yetu, niliapa Wallahi kwamba ua la mgomba lilichinjwa nikiliona kwa macho yangu, shingo imeelekezwa kibla, na kwamba lilirusha mateke matatu kabla ya kutulia. Mateke matatu. Hakuna aliyeniuliza habari za mateke. Niliyaongeza mwenyewe, kwa ukarimu wangu. Wengi waliokuwepo siku ile wameshatangulia, Mungu awarehemu, lakini wajukuu zao wakikutana nami hapa Garsen hurusha mguu mara tatu halafu wakakimbia. Nami nacheka nao. Nifanye nini? Nikiamua kununa kwa jambo lile, itabidi ninune mpaka kaburini.

Mwaka wenyewe siujui kwa hesabu. Chuo cha Kurani nilikiacha nusu, mwalimu aliponifukuza kwa kumcheka alipopiga chafya katikati ya sura, kwa hiyo kuhesabu miaka ya nyuma ni kazi ya watu wengine. Najua tu kwamba ulikuwa mwaka wa sotoka, ule ugonjwa uliomaliza ng'ombe. Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa Tana, mwendo wa asubuhi moja kwa mtumbwi kutoka Kau, mashamba mbele na mbuga nyuma. Na mbuga ilikuwa inanuka. Siwezi kusema ilinuka kama nini, maana mpaka leo sijanusa kitu cha kufananisha nayo. Ilikuwa harufu tamu, nzito, inayoingia mpaka kwenye unga. Unaamka imo, unalala imo. Siku moja tulitoka na baba kutafuta kuni, tukafika mahali ambapo zamani ulikuwa huoni majani kwa wingi wa ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa mbuga ile, tukawakuta wamelala wote, mamia, kama waliokubaliana. Tai walikuwa wameshiba hata kuruka hawawezi. Wanatembea kwa miguu, wanayumba kama wazee waliotoka karamuni. Nilitaka kuwacheka. Nikamtazama baba, nikaona midomo yake inatetemeka, nikaacha. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa.

Siku chache baadaye akaja Guyo. Huyu alikuwa Mworma, rafiki wa nyumba yetu tangu enzi za babu: yeye na watu wake walituletea maziwa na samli, sisi tukawapa mpunga, ndizi na kunde, na hakuna aliyepima sana. Mwaka mwingine wowote Guyo huwezi kukosa kumsikia, unamsikia kwa ng'ombe kabla hujamwona. Safari hii alikuja kimya. Alikuwa na fimbo yake, na chombo cha maziwa kitupu kimening'inia begani, kile cha kusuka kwa mizizi kilichokuwa cha marehemu mkewe, na mkononi amemshika binti yake Hawo, rika langu. Hawo nilimjua. Miaka iliyopita tulikuwa tunashindana kutema mbegu za tikiti mtoni, na yeye ndiye aliyekuwa akishinda. Sasa miguu yake ilikuwa kama vijiti vya kuchokonolea moto. Baba akawapa kibanda nyuma ya nyumba yetu, akawaambia hapa ni kwenu mpaka Mungu afungue.

Shida ilikuwa chakula, na siyo kwamba hakikuwepo. Kilikuwepo. Mto ulikuwa umetupa mavuno ya kutosha ya kunde, ndizi na mahindi kidogo. Lakini Hawo alikuwa mtoto wa maziwa na nyama. Ukimwekea kunde anaziangalia kama umemwekea kokoto. Ugali anaushika, anaugeuza, anaurudisha. Mama alimbembeleza, bibi akamwimbia, mimi nikamfanyia vituko vyangu vyote, hata kile cha kutembea kama mwalimu wa chuo, hakufungua mdomo. Anakunywa maji, anakwenda kukaa. Baba yake naye kila nyumba akikaribishwa anasema ameshiba, Alhamdulillahi, na kukaza mshipi kiunoni. Sisi tukadhani kweli kuna mahali anakula. Siku ya nne bibi akamshika Hawo mkono, akaupima kwa vidole vyake viwili, vikakutana na kupitana. Akauachia taratibu. Akaniambia, "Mke mwenzangu, huyu hafiki Ijumaa. Nenda shambani unikatie maua ya mgomba, yale mekundu yanayoning'inia chini ya mkungu. Lete manne."

Bibi yangu, mama mzaa baba, aliitwa Bi Mwanajuma, na akiniita mke mwenzangu ujue kuna kazi. Nilileta maua. Akayamenya yale majani mekundu ya nje mpaka akafika kwenye moyo mweupe, akaupasua, akauchemsha kwa maji ya jivu, akamwaga, akachemsha tena mpaka uchungu ukatoka. Halafu akautwanga, lakini si mpaka ulainike. Aliutwanga kwa kuuchambua, ubaki nyuzi nyuzi. Mimi nikapewa kunde zilizoloweka, nizisugue maganda yatoke, nizisage kwenye jiwe. Nilisaga mpaka mabega yakaniuma. Tukachanganya kunde na zile nyuzi, na ufuta uliotwangwa ukatoa mafuta, na chumvi, na ukwaju kidogo. Hapo bibi akaingia ndani, akatoka na chombo cha maziwa cha zamani, alichopewa na mama yake Guyo siku alipoolewa. Kilikuwa kimekaa darini miaka mingi. Vyombo vile Waorma huvifukiza moshi ndani kabla ya kutia maziwa, na moshi na maziwa huingia kwenye kuta zake visitoke tena. Bibi akatia maji ya moto, akafunika, akatikisa, akasubiri, akayamimina yale maji kwenye unga wetu akakanda. Wallahi (na hii ni Wallahi ya kweli) zizi zima la ng'ombe liliingia jikoni. Nilirudi nyuma hatua mbili. Nikatazama mlangoni nione ni nani amefunga ndama.

Akayafunga madonge kwenye majani ya mgomba, akayapika kwa mvuke, yakapoa, yakakaza. Akayakata vipande virefu, akavitundika juu ya moshi toka asubuhi mpaka alasiri, kisha akavikaanga kwa mafuta ya ufuta na kitunguu. Vilikuwa vyekundu-vyeusi, ukikivuta kipande kinakatika kwa nyuzi. Nikakionja. Mikono yangu mwenyewe ilikuwa imesaga zile kunde, na ulimi wangu mwenyewe ulikuwa unaniambia mimi ni mwongo, hii ni nyama. Bibi akanishika sikio, akasema Hawo akiuliza, jibu ni nyama, na mtu mwingine yeyote akiuliza, jibu ni nyama, kwa sababu siku mtoto huyu atakapojua ni kunde atafunga mdomo na safari hii hatuufungui tena. Nikaitikia. Sikio likaachiwa.

Hawo alikula. Alichukua kipande cha kwanza, akakitia mdomoni, akatafuna polepole sana huku akinitazama mimi usoni bila kupepesa. Halafu akachukua cha pili. Bibi akageuka ukutani, akafuta macho kwa ncha ya leso, akasema moshi. Toka siku ile tukawa tunapika kila kutwa, na mimi, kama mnavyoanza kunijua, nikaanza kujitangaza. Kwa watoto wenzangu nilisema kwetu tunakula nyama. Mpishi ni nani? Mpishi ni mimi. Kazi yangu ilikuwa kusaga na kupuliza moto, lakini ukinisikiliza ungedhani bibi ndiye anayenipulizia.

Kisha bibi na mama wakapanda mtumbwi kwenda matangani kwa jamaa zetu huko juu mtoni, siku tatu. Bibi alichukua kile chombo chake atilie maji ya njiani. Aliniachia vipande vya siku ya kwanza, kunde zimeloweka za siku ya pili, na onyo la kuchunga mdomo. Vipande viliisha. Onyo nalo halikudumu.

Asubuhi ya siku ya pili nilikuwa uani na Hawo, baba anapiga kasia randa, na jirani yetu Bi Rukia amekuja kuomba moto. Guyo akatoka kibandani. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Akasimama mbele yangu, siyo mbele ya baba, mbele yangu, akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Hawo asema yeye amekula nyama hapa. Kweli?"

Nikasema kweli.

"Nani alichinja?"

Sasa fikirini. Ng'ombe wote wamekufa, mbuzi hakuna, mbuga nzima ni mizoga. Kulikuwa na fununu kwamba wako watu wanaokwenda kukata mizoga kwa siri, na wengine walikufa kwa kuumwa tumbo. Mtu anayekula nyama mwaka ule alikuwa na swali la kujibu. Mimi hayo sikuyafikiria hata kidogo. Nilimwona Hawo amesimama pale, mashavu yameanza kurudi, nikasikia sauti ya bibi kwenye sikio langu, nikafungua mdomo. Nikasema baba ndiye aliyechinja. Mbuzi. Wallahi niliona kwa macho yangu, kaelekezwa kibla, bismillahi nimeisikia, akarusha mateke matatu akatulia.

Randa la baba lilisimama. Hakuinua kichwa mara moja. Kwanza alitazama mikono yake, kama anayeikagua kama kweli imechinja na yeye hana habari.

Guyo akauliza, "Ngozi iko wapi?"

Kwa wafugaji hilo ndilo swali. Mgeni akichinjiwa huonyeshwa ngozi. Ngozi ndiyo inayosema mnyama alikuwa mzima, alikuwa wa nani, alikufaje. Mnyama asiye na ngozi ya kuonyesha ni mzoga uliokatwa vichakani. Mimi mtoto wa mto, mtoto wa ndizi, sikujua. Nikasema ngozi tumeitupa. Bi Rukia akacheka kwa pua, akamgeukia baba. "Mwaka huu mtu atupe ngozi, Komora? Watu wanachemsha viatu." Na baba yangu, ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kumridhisha mgeni, akasema taratibu kwamba yeye hajachinja hata kuku tangu mfungo uliopita.

Guyo hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alipiga magoti, akamshika Hawo taya, akamfungua mdomo akanusa. Kisha akaingia kibandani akaanza kufunga mkeka. Kwake yeye, mtoto wake alikuwa amelishwa mzoga, na mwenyeji wake, rafiki wa miaka yote, ndani ya nyumba ya Kiislamu. Akasema atavuka mbuga kwenda upande wa Nanighi, ana jamaa huko. Baba akaniangalia. Kila mtu alijua maana ya kuvuka mbuga ile kwa miguu, mwaka ule, na mtoto wa miguu kama ile. Hawo alishika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili, hakuiachia.

Ndipo nikapiga ukelele kwamba ni uongo, ni kunde, ni kunde na ua la mgomba. Watu walikuwa wameshaanza kujaa, na wote wakanitazama kwa huruma, kama mtoto aliyeshikwa na homa. Bi Rukia akasema, "Dakika moja ana mateke, dakika nyingine ana maua. Mtoto huyu ana mbuzi wa namna gani?" Nikakimbilia jaani, nikazoa yale maganda mekundu ya maua ya mgomba, mikono miwili yamejaa, nikamwagia miguuni kwa Guyo, nikasema ngozi yenyewe hii. Akayatazama. Yalikuwa yamekauka, yamejikunja, mekundu-mekundu, na inzi juu yake. Hayakunisaidia.

Baba akasema basi, apike hapa tuone. Guyo akakaa juu ya mkeka wake uliofungwa, akasubiri. Na mimi, mpishi mashuhuri, nikagundua mbele ya watu kwamba sijawahi kupika. Maua niliyachemsha mara moja badala ya mbili. Jivu nilizidisha. Chumvi niliitia, nikasahau, nikaitia tena. Majani ya mgomba yalinichanikia, nikayafunga kwa kamba ya ukindu kama mzigo wa kuni. Jua likapanda, watu hawakuondoka hata mmoja; nadhani hata mwenye mgonjwa nyumbani alibaki. Sikuwa na nafasi ya kutundika asubuhi hadi alasiri, nikavibanika vipande juu ya moshi huku nakohoa, nikakaanga, nikampa Guyo cha kwanza kwenye jani.

Alinusa. Akakirudisha. "Hii ni maharage," akasema, na ilikuwa kweli, harufu ya kunde ilikuwa imejaa ua mzima. "Hawo hakula hii." Akasimama, akachukua fimbo yake.

Nililia, sioni haya kusema. Nikamwambia baba kwa kwikwi kwamba kinakosekana chombo, chombo cha maziwa cha bibi, ng'ombe wako ndani ya chombo, na bibi amekwenda nacho. Niliongea kama kichaa. Watu wakaguna. Lakini Guyo hakuondoka. Akashusha begani kile chombo cha marehemu mkewe. Hakunipa mimi. Alikwenda mwenyewe kwenye chungu changu cha maji ya moto, akachota kwa kata, akatia ndani, akafunika kwa kiganja, akakitikisa polepole kama walivyokuwa wakitikisa maziwa. Nusu ya unga wangu ilikuwa imebaki kwenye sinia. Akamimina.

Harufu ilipanda. Yakaja maziwa, ukaja moshi wa zizi wa jioni za zamani, ng'ombe wote wale waliolala mbugani wakaja wakasimama kati yetu. Guyo alikaa chini hapo hapo, kwenye vumbi, chombo kifuani. Akanusa mdomo wa chombo, akanusa unga, akanusa tena chombo. Nilikanda, nikafunga, nikapika, nikakaanga. Nilipompa kipande alikitia mdomoni, akatafuna, na machozi yakawa yanashuka ndevuni bila yeye kuyafuta. Alikula cha pili. Akala vyote. Baba akamletea ugali, akaula pia. Ndipo tulipoona jinsi mikono yake ilivyokuwa inatetemeka, tukajua, kwa mshtuko mwingine tena wa siku ile, kwamba mahali tulipodhani anakula hapakuwepo popote.

Bibi aliporudi alisikia habari tangu ukingoni mwa mto, kabla mtumbwi haujafungwa, na kwa mateke yote matatu. Hakunipiga. Alisema kiapo cha uongo kina kafara, na ingawa mimi ni mtoto, atanifunza mapema kwa sababu anaona safari yangu ni ndefu. Nipike chakula cha kulisha maskini kumi, bila msaada. Mwaka ule kupata maskini kumi haikuwa kazi. Nilisimama mlangoni tu. Ndivyo nilivyojifunza kupika kweli. Na wake za Waorma waliofuata baadaye kuja mtoni walifika na vyombo vyao vitupu, bibi akawaonyesha, na nyumba nyingi zikapita mwaka ule kwa kunde, maua ya mgomba na harufu ya ng'ombe waliokufa.

Siku hizi hapa Garsen nyama imetundikwa sokoni, mapaja mazima, inzi wanachagua wenyewe. Wajukuu zangu wakiona kunde kwenye sahani wanauliza kama kuna msiba. Nami nikiwapikia ile ya bibi wanasema si mbaya, lakini kuna harufu gani hii? Nawaambia ni harufu ya zizi. Hawaelewi, na siwalaumu. Mimi mwenyewe, mwanamke wa miaka hii yote, nikipita pale sokoni bado jicho langu linatafuta ngozi.

Guyo alipata ng'ombe tena kabla ya kufa, na Hawo akaolewa na mwenye ng'ombe wengi zaidi. Binti yangu wa kwanza alipoolewa, Hawo alituletea dume zima, likachinjwa, na ngozi akaitandaza mwenyewe mlangoni kwangu, akaikanyaga akiwa anaingia, ili nimwone. Tulikaa jikoni tukitafuna ini. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwomba anisamehe kwa kumdanganya utotoni, nikamwambia lile jambo limenikaa rohoni miaka yote.

Akaacha kutafuna. "Unidanganye mimi?" akasema. "Mwana, mimi nimezaliwa zizini. Kipande cha kwanza tu nilijua ni kunde, na nilijua harufu inatoka kwenye chombo cha bibi yangu. Nilikula kwa sababu mlihangaika sana. Lakini baba alikuwa hajala siku nyingi, na chenu alikuwa hakitaki. Nikamwambia nimekula nyama, ili aje aitafute. Wewe ulitakiwa useme ndiyo tu, umpe sahani."

Kipande changu kilianguka kwenye majivu. Hawo akakiokota, akakipangusa, akanirudishia mkononi.

"Mpaka pale kwenye kibla alikuwa karibu akuamini," akasema. "Mateke ndiyo yaliyotuponza."